Usiuze Ankole Wako Wote: Ushauri kwa Mfugaji wa Kimuli Anayetaka Chotara

Mfugaji wa Kimuli, mkoani Kagera, anapoamua kuingia kwenye maziwa, neno la kwanza analoambiwa ni kuuza. Auze ng'ombe wake watano au sita wa Ankole, anunue mtamba mmoja mwenye mabaka meusi na meupe, ajenge banda, apande majani ya tembo. Ushauri huo una ukweli ndani yake, maana Ankole sita wanaobakiza lita moja moja baada ya ndama kunyonya hawamnunulii mtoto hata sare ya shule. Lakini una kasoro ambayo haionekani mwaka wa kwanza wala wa pili. Huonekana mtamba yule anapozeeka, mabinti zake wanapotoa maziwa pungufu kuliko mama yao, na mwenye ng'ombe anapotaka kuanza upya anakuta kijiji kizima hakina tena Ankole halisi wa kuanzia.

Chotara ninawaunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni kuchanganya bila kujua hesabu yake, kwa sababu hesabu ya damu ikikosewa hairekebishwi kwa pumba wala kwa dawa.

Tuanze na Ankole mwenyewe. Wengi wetu tunamwita ng'ombe wa asili tukidhani hakuwahi kuchanganywa na chochote, kumbe naye ni chotara wa zamani. Yumo katika kundi linaloitwa Sanga, lililotokana na ng'ombe wasio na nundu waliokuwapo Afrika kwa maelfu ya miaka, wakakutana na zebu wenye nundu waliotoka Asia. Mwaka 2020 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti wa vinasaba vya ng'ombe 172 wa Afrika, na wataalamu wakakadiria kwamba mchanganyiko mkubwa wa makundi hayo mawili ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Upande wa zebu uliongeza uwezo wa kustahimili joto na ukame, upande wa ng'ombe wa kale wa Afrika ukabaki na kinga iliyozoea maradhi ya huku, yakiwemo yale ya mbung'o.

Kuna jambo moja katika vinasaba hivyo ambalo ningependa kila mfugaji alishike. Ile sehemu ya vinasaba ambayo ndama huirithi kwa mama peke yake, karibu kwa ng'ombe wote wa asili wa Afrika, ni ya ng'ombe wa kale wa Afrika, haikutoka kwa zebu. Maana yake ni kwamba damu ngeni iliingia zaidi kupitia madume. Majike yalibaki yaleyale ya hapa, yanayoijua nchi, na juu yao wakapandishwa madume wageni. Hivyo ndivyo Ankole alivyopatikana, na sijaona njia iliyo salama zaidi ya kumpata chotara wa leo.

Ufalme wa kale wa Karagwe, hapahapa kwetu Kagera, ulimjua ng'ombe huyu kabla ya wageni kufika. Wapelelezi wa Ulaya, Speke na Grant, walipopokelewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, Speke aliandika kwa mshangao kuhusu wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Mpelelezi mwingine, Stanley, alipokuja mwaka 1876 alizikuta katika hazina ya mfalme sanamu za ng'ombe. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilipita Afrika Mashariki ikateketeza sehemu kubwa ya ng'ombe, na ugonjwa huo haukutangazwa kutokomezwa duniani hadi mwaka 2011. Ankole walioko vilimani leo ni uzao wa walionusurika. Wamechujwa na kupe, njaa, kiu na maradhi, vizazi kwa vizazi, na uchujaji huo hauna duka unakouzwa.

Sasa hesabu. Ukimpandisha Ankole halisi kwa dume halisi wa Friesian, ndama ni nusu kwa nusu. Huyu ndiye chotara wa kizazi cha kwanza, na ndiye bora kuliko wote kwa mazingira kama ya Kimuli. Hukua haraka kuliko mama yake, hushika mimba mapema, na akitunzwa vizuri hutoa lita 5 hadi 8 kwa siku. Anakuwa na nguvu ya ziada inayozaliwa wazazi wa damu zilizo mbali wanapokutana, nguvu ambayo huwezi kuipata kwa mzazi mmoja peke yake.

Tatizo ni kwamba nguvu hiyo hairithishwi yote. Ukimpandisha chotara wa nusu damu kwa dume chotara wa nusu damu, ndama bado ataitwa nusu damu, lakini nusu ya ile nguvu ya ziada imekwisha potea. Tena ndama watatofautiana mno, mmoja akimfuata Ankole, mwingine akimfuata Friesian asiyeweza kuishi bila josho. Mwaka 1987 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchambuzi wa matokeo ya uchanganyaji wa namna hii kutoka nchi nyingi za joto. Ulionyesha kuwa maziwa hupanda vizuri kadiri damu ya kigeni inavyoongezeka hadi kufikia nusu, na kuanzia hapo ongezeko huwa dogo au halipo kabisa. Ulionyesha pia kuwa chotara wakizalishwa wao kwa wao, kizazi cha pili hushuka waziwazi.

Kwa hiyo dume chotara la jirani, hata liwe zuri namna gani, lisikupandie ng'ombe wako. Najua ni la bure au la bei ndogo, na liko karibu. Lakini hapo ndipo mifugo ya vijiji vingi inapoharibika, nusu kwa nusu, robo kwa robo, mpaka hakuna anayejua alichonacho zizini.

Majirani zetu wa eneo la Ankole, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, wametangulia katika njia hii na tunaweza kujifunza kwao. Mwaka 2007, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Interlaken, Uswisi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao yake Nairobi, ILRI, ilionya kwamba Ankole wa Uganda wangeweza kutoweka ndani ya miaka 20 kwa jinsi walivyokuwa wakibadilishwa kwa Friesian. Taasisi hiyo ilieleza kuwa katika ukame uliokuwa umepita karibuni, waliobaki na Ankole waliwaswaga mwendo mrefu hadi penye maji, na baadhi ya waliokuwa wamebadilisha mifugo yao yote walipoteza zizi zima.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: gawa majike yako ya Ankole mafungu mawili. Chukua mtu mwenye majike kumi. Kwa malisho yetu, sita au saba ndio watakaozaa kwa mwaka. Nusu ya ndama ni madume, na wengine watakufa kabla ya kukua. Atabakiwa na mitamba miwili au mitatu. Ili kuziba nafasi ya majike wanaozeeka anahitaji mtamba mmoja hivi wa Ankole halisi kila mwaka. Hapo utaona kwamba majike matano, yale bora, yapandishwe na dume halisi la Ankole, na matano yaliyobaki yapandishwe kwa mbegu ya maziwa. Wengi hufanya kinyume: jike bora hupelekwa kwa Friesian na lile dhaifu huachiwa kuendeleza ukoo. Baada ya vizazi viwili wanalalamika kwamba Ankole wamedhoofika.

Mwenye majike mawili au matatu hawezi kugawa hivyo peke yake, na hapo ndipo ushirika unapofaa. Wenye eneo la kuchungia vilimani wazalishe mitamba ya nusu damu kutoka kwa Ankole wao. Wenye kibanja chenye migomba na majani ya kukata wainunue mitamba hiyo, waikamue na kutumia samadi yake. Mpango huu si mgeni Kagera. Wakongwe wanaukumbuka mradi wa KALIDEP uliofadhiliwa na Uholanzi, na shamba la Kikulula lililokuzia wakulima mitamba chotara. Hakuna haja ya kungoja mfadhili mwingine. Kikundi cha kaya kumi zinazoaminiana kinaweza kuuanza kwa ukubwa wake, mradi makubaliano ya bei na ya zamu yaandikwe mapema, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Dume gani basi? Friesian wa Uholanzi ndiye anayejulikana zaidi, na ndiye mwenye maziwa mengi, lakini ana mwili mkubwa na tumbo kubwa. Ayrshire wa Uskoti ni mdogo kidogo na huchunga vizuri zaidi. Jersey, aliyetoka katika kisiwa kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, ni mdogo kuliko wote hao, maziwa yake yana mafuta mengi, na anakula kidogo. Kwa kaya inayobeba majani kichwani kutoka bondeni mimi ningechagua Jersey au Ayrshire, ingawa najua ndama dume wa Jersey hana nyama ya kumfurahisha mchinjaji. Anayetaka nyama asihangaike na hao. Amtafute Boran, aliyetoka kwa Waborana wa Ethiopia na kuendelezwa na wafugaji wa Kenya, ambaye kwa chotara na Ankole hutoa maksai mzuri anayechunga bila kudekezwa. Katikati yao wapo Sahiwal, aliyetoka Punjab, na Mpwapwa, aliyetengenezwa hapa kwetu Dodoma. Huyo wa Mpwapwa alitokana na kazi iliyoanza miaka ya 1930 ya kuchanganya zebu wetu wa pembe fupi na Sahiwal, Red Sindhi, Boran na damu kidogo ya Ulaya. Ukitazama muda uliotumika utaelewa kwamba kuunda aina mpya ya ng'ombe ni kazi ya kituo cha utafiti. Zizi la mtu mmoja haliwezi.

Ukishampata nusu damu, swali linalofuata ni umpandishe nini, na jibu linategemea maji, majani na josho ulivyonavyo. Ikiwa unamfungia bandani, una majani ya kutosha Juni hadi Agosti, na unaogesha kila wiki bila kukosa, unaweza kumpa mbegu ya Ayrshire au Jersey upate robo tatu. Ishia hapo. Ikiwa anachunga nje, mrudishe kwenye damu ya Sahiwal, ya Mpwapwa au ya Ankole. Na ikiwa hesabu hizi zinakuchosha, iko njia rahisi ambayo naiona bora kuliko zote: mkamue nusu damu wako, uza ndama wake wote bila kubakiza hata mmoja wa kuzalisha, kisha akizeeka nunua nusu damu mwingine kutoka kwa mwenye Ankole. Ndiyo maana wenye Ankole lazima wawepo.

Kuhusu maji nasema wazi, kwa sababu mara nyingi anayeamua kununua ng'ombe siye anayeteka. Ng'ombe anayetoa lita 10 za maziwa anahitaji lita 50 hadi 60 za maji kwa siku, na zaidi jua likiwa kali. Hizo ni ndoo tatu kubwa, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Kabla ya kumleta ng'ombe, mama wa nyumba na watoto waulizwe. Ikiwa kisima kiko mbali, jenga kwanza tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye bati la nyumba. Na vigogo vya migomba, ambavyo tunavyo tele, visihesabiwe kuwa chakula kamili. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya kigogo ni maji. Vikate vidogo, uvichanganye na majani ya tembo, desmodiamu au lukina, na pumba kidogo wakati wa kukamua.

Kwa mbegu, njia salama kwa mfugaji mdogo ni uhimilishaji. Mbegu nyingi nchini husambazwa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, zikihifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji akifika, mwombe akuonyeshe mrija kabla hajautumia. Umeandikwa aina ya dume, jina au namba yake. Nakili kwenye daftari lako palepale. Mhimilishaji mwaminifu hataona vibaya. Anayekataa, mwache aende zake.

Ugumu wa Ankole katika uhimilishaji ni joto lake. Hurudi kila baada ya siku 21 hivi, lakini hudumu saa chache kuliko la Friesian, na mara nyingi huja usiku watu wamelala. Mtazame alfajiri kabla hajatoka zizini na jioni akirudi. Ute mwangavu unaoning'inia na kupanda wenzake ni dalili za kukutahadharisha, lakini ishara ya hakika ni pale anaposimama kimya akipandwa. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ileile, wa jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Ukichelewa kumpigia mhimilishaji simu, umepoteza wiki tatu.

Anayenunua mtamba mnadani asihadaike na rangi. Ndama wa Ankole mwekundu na Friesian mara nyingi huzaliwa mweusi karibu mwili wote, labda na weupe kidogo chini ya tumbo, wakati mwenye mabaka mazuri anaweza kuwa kizazi cha tatu au cha nne kisicho na mpangilio. Mweusi mtupu huyo, ambaye madalali humshusha bei, pengine ndiye nusu damu halisi unayemtafuta. Uliza mama yake yuko wapi, na ukiweza nenda kamwone. Uliza pia kama alizaliwa pacha. Mtamba aliyezaliwa pamoja na dume karibu kila mara ni tasa, na huyo ndiye hupelekwa mnadani akiwa mnene wa kupendeza.

Upande wa maradhi, ndigana kali ndiyo inayoua chotara kuliko kitu kingine. Huenezwa na kupe wa masikioni. Ndama wa Ankole anayezaliwa na kuchunga kwenye kupe huipata mdogo na wengi wao huishi wakiwa na kinga. Chotara mkubwa aliyetoka mahali palipoogeshwa vizuri, akiletwa Kimuli bila maandalizi, anaweza kufa ndani ya wiki tatu. Ipo chanjo ya ndigana ambayo hutolewa mara moja na kinga yake hudumu miaka mingi. Muulize afisa mifugo wa kata, jikusanyeni ng'ombe wa kutosha ili dozi isiharibike, na msiache kuogesha baada ya chanjo, maana kupe huleta pia ndigana baridi, kukojoa damu na maji ya moyo. Wanaochunga karibu na vichaka vya hifadhi ya Ibanda-Kyerwa wakumbuke mbung'o. Huko asipelekwe chotara hata kidogo, licha ya kwamba kuchunga ndani ya hifadhi ni kosa.

Dume la Ankole la kushirikiana lipimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla halijazunguka kwenye mazizi, na likae eneo moja kwa miaka miwili, mitatu ikizidi. Mabinti zake wakikaribia kupandishwa libadilishwe na la kikundi cha kata nyingine, Nkwenda au Isingiro kwa mfano, ili baba asipande binti yake. Hapo daftari ndilo linaloamua: namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, jina la baba, tarehe ya kupandishwa. Kumbukumbu ya kichwani ya mzee mmoja ni nzuri mpaka siku anapougua.

Na ndama madume chotara? Hao wahasiwe kwa koleo la kuhasi wakiwa na miezi mitatu hadi sita, bila kuangalia uzuri wa yeyote. Nusu damu wa Friesian na Ankole hunenepa vizuri akilishwa, na maksai wa miaka miwili na nusu anaweza kukulipia dawa ya josho ya zizi lote kwa muda mrefu. Anayemwacha dume mmoja "kwa sababu ni mzuri" ameliweka kijijini dume lilelile la bure tulilolikataa hapo juu.